Kiti Bila Msumari

Bawabu alikishusha kiti kutoka begani, akakiweka katikati ya karakana, kisha badala ya kuondoka akakikalia. Alisema anataka kukiaga. Kwa miezi mitano alikuwa amekalia kiti hicho kwenye lango la shirika, asubuhi mpaka jioni, na mwili wake si wa kubebwa na kitu cha mchezo, lakini kiti hakikuwahi kulalamika hata siku moja.

"Hivyo vingine sijui mnavikosea wapi," alisema, akiangalia rundo la viti lililofika karibu na dari. "Hiki kina baraka."

Fundi alikuwa ameinamia jiriwa, ile koleo kubwa ya chuma iliyofungwa kwenye meza ya kazi, akikaza kipande cha ubao ambacho tayari kilikuwa kimekazika. Alicheka kidogo kwa adabu, maana mtu akikusifia kazi yako lazima ucheke, akazidi kukaza mpaka ubao ukalia. Mchoraji alimshukuru bawabu, akamwahidi kuwa atapelekewa kiti kingine. Bawabu akasema hapana, asante, atasimama.

Alitoka kwa upande, tumbo likikwaruza viti, kwa sababu siku hizo hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka karakana ile kwa kutanguliza kifua. Chumba kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani na dirisha moja lenye nondo, na viti vilivyorudishwa na zahanati vilikuwa vimekula nafasi yote, isipokuwa njia nyembamba kutoka mlangoni hadi mezani. Vilitoka sitini. Vilirudi hamsini na nane. Viwili vilivunjika kabisa, havikuwa na haja ya kurudi. Kila asubuhi Fundi alipita katikati yake akiinamisha kichwa, kama mtu anayepita barazani kwa wakwe aliowakosea.

Na wakwe hao walikuwa wengi.

Kazi yenyewe ilianza kwa raha. Walikuwa watatu. Mchoraji alikuwa binti mwenye penseli sikioni saa zote, aliyesomea kubuni vitu na akakataa kabisa kuwabunia matajiri. Mama Mpira alikata mipira ya ndani ya magurudumu mabovu ikawa kanda, na kanda hizo akazisuka zikawa vikalio. Fundi alikuwa seremala wa miaka thelathini, mwana wa seremala, mjukuu wa seremala. Shirika liliwataka wabuni kiti cha watu wanaosubiri zahanati, cha bei ya chini kuliko cha plastiki, na ambacho hakitaishia jalalani. Siku ya kwanza walikaa chini juu ya magunia wakajiwekea masharti wao wenyewe, kwa sababu Mchoraji aliamini akili hufanya kazi vizuri ikibanwa. Mbao zitoke kwenye makasha ya mizigo yaliyotupwa, si kwingine. Miguu iwe mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, ili mbao zisipotee na kiti kisiyumbe kwenye sakafu mbovu. Mama aweze kukibeba kwa mkono mmoja, na mwingine ukiwa na mtoto. Mchoro utatolewa bure, na seremala yeyote, hata asiye na umeme, aweze kukitengeneza na kukirekebisha.

Sharti la mwisho lilikuwa la Fundi. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amekunywa chai, amefurahi kusikilizwa na mtu aliyesoma, akajikuta anasema kwamba kiti cha kweli hakina msumari, wala skrubu, wala gundi. Ulimi wa mbao huingia kwenye tundu lake, unagonga kabari kuupanua, basi; hiyo ndoa haina talaka. Mchoraji aliinuka akaandika ukutani kwa herufi kubwa: BILA MSUMARI, BILA GUNDI. Kuanzia hapo Mama Mpira akamwita Bwana Bila, na jina likamganda. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu aliingia akicheka.

Kiti cha kwanza, hicho alichokileta bawabu, kilikuwa kazi ya wiki tatu. Siku ambayo wakubwa wa shirika walikuja kukijaribu, Fundi alifika mapema kugonga kabari ya mwisho kwenye mguu wa nyuma. Aligonga mara moja, akagonga mara mbili. Ya tatu, ubao ukasema ta. Ulikuwa ufa mwembamba, wa kuingia ukucha, umeanzia kwenye tundu na kuteremka na nyuzi za mbao. Mbao za makasha ni mbao zilizochoka. Zimelowa na kukauka mara nyingi, zimekanyagwa na kuburutwa, na ukizibana sana hupasuka. Alilijua hilo tangu utoto. Sifa zilikuwa zimemsahaulisha.

Ilibaki saa moja. Chini ya meza kulikuwa na sanduku lake la zana, na chini kabisa ya sanduku kulikuwa na skrubu moja ndefu, masalia ya kitanda cha mtu. Hakufikiri sana. Aliizamisha, akaziba kichwa chake kwa kizibo cha mbao ile ile, akapaka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akasugua kwa msasa mpaka yeye mwenyewe hakupaona. Mama Mpira aliingia akamkuta anapuliza vumbi, akaketi kufunga kanda zake za mwisho. Wakubwa wakaja. Mnene wao alikirukia kiti kwa makusudi, kama mtoto kitandani. Kiti kimya. Walipiga makofi, wakaagiza sitini, wakakichukua kile kiwe sampuli langoni kwao, na mke wa Fundi akaitundika picha ya siku hiyo sebuleni juu ya redio.

Alikuwa amepanga kusema jioni ile. Halafu akapanga kusema Jumatatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu. Yeye ufa aliuziba, na ukuta akaujenga vilevile.

Vile viti sitini alivitengeneza kwa haki, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Hakutia skrubu hata kwenye kimoja. Alichagua mbao, akazianika, akagonga kabari kwa upole kama anamgonga mtoto mgongoni, kwa sababu bado aliamini, au alitaka sana kuamini, kwamba ule ufa ulikuwa bahati mbaya ya ubao mmoja. Wiki tatu zikapita salama. Wiki ya nne muuguzi akapiga simu: mguu wa nyuma unacheza, tena kwenye viti tisa. Wiki ya sita bibi mmoja aliyekuja kupimwa presha alianguka pamoja na kiti, akavunjika mkono.

Mchoraji hakumlaumu mtu. Angelaumu, pengine Fundi angepata pa kushika. Alisema mikono ya Fundi haina kosa, ushahidi upo langoni, umekaliwa na bawabu kutwa. Basi kosa liko kwenye mchoro. Lazima kuna kipimo ambacho Fundi alikirekebisha siku ile kwa uzoefu wake, bila hata kujijua, na yeye hakukiandika. Alikwenda langoni mara nne na vipimo vyake, kila mara akimwinua bawabu wa watu. Alichora mguu ule upya mara kumi na moja. Kisha akaenda kwa yule bibi na kikapu cha matunda, akapiga magoti akamwomba msamaha, na bibi akamwambia inuka mwanangu, ajali haina kinga. Alipokuwa akiyasimulia hayo karakanani, Fundi alijifanya anatafuta penseli sakafuni. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto.

Na leo asubuhi Mchoraji aliweka barua mezani. Aliwasomea. Alikuwa ameandika kwamba kosa ni la mchoro, mchoro ni wake, anauondoa kila mahali ulikokwisha kupelekwa, na yeye mwenyewe anajitoa. Ilibaki sahihi tu. Mjumbe wa shirika angeifuata saa kumi. Kabla ya saa kumi alitaka jambo moja: sampuli irudishwe, ikatwe kwenye ule mguu, aone kwa macho yake kilichomo ndani ambacho hakukichora.

"Nikishaona nitasaini," alisema. "Angalau nijue nilikosea wapi."

Sasa ilikuwa saa tisa na ushei. Mchoraji, ambaye uso wake ulionyesha kwamba hajalala siku mbili, alijipenyeza kati ya viti akatoka kwenda kunawa bombani.

Fundi alibaki na Mama Mpira. Mama Mpira alikuwa pale pale alipokaa siku zote, chini ya dirisha, miguu ameinyoosha, kanda nyeusi mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, kwa hiyo ukimya wake ulisikika.

"Kaka," alisema, bila kuinua macho. "Utakata wapi?"

"Atakaponionyesha."

"Hapajui. Atakuachia wewe."

Mama Mpira aliingiza mkono mfukoni akatoa sumaku yake. Ilikuwa sumaku aliyoing'oa kwenye redio mbovu, nzito, na kazi yake ilikuwa kumtafutia shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kila ilipomponyoka ikazama kwenye maranda. Alijiburuta hadi kwenye kiti, akaisogeza sumaku kwenye mguu wa nyuma, karibu na juu. Ikamtoka vidoleni. Ikanata kwenye mbao, ikabaki pale.

Nje, bomba lilikuwa linamwaga maji.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Asubuhi ile ile. Shazia ilianguka, nikaitafuta, sumaku ikanivuta huku." Aliibandua, akairudisha mfukoni. "Nikasema moyoni, mwenye jambo atalisema mwenyewe. Nikangoja. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga."

"Utamwambia?"

"Ningesema siku ile ningekuwa mkweli. Nikisema leo mimi ni mchongezi. Umenifungia na mimi humu ndani, kaka." Alirudi kwenye nafasi yake chini ya dirisha. "Yule bibi hata mimi ananikosesha usingizi. Usidhani uko peke yako."

Fundi aliangalia mlango. Ungemwona ungesema anapima kama tumbo lake litapita bila kugusa viti. Alimkumbuka mke wake alfajiri ya leo, akiifuta picha vumbi kwa upindo wa kanga, akisema kwamba siku kiti kikirudi waliombe shirika wakichukue, wakiweke sebuleni, wageni waone mume wake alichoweza kufanya bila hata msumari mmoja. Alikuwa amefungua kinywa kumwambia. Kilichotoka ni kwamba chai ina sukari nyingi.

Mchoraji alirudi, maji yakimtiririka kidevuni. Alikigeuza kiti miguu juu, akakipandisha mezani, wakasaidiana kukaza mguu wa nyuma kwenye jiriwa. Kisha akaitoa penseli sikioni akampa Fundi.

"Mbao unazijua wewe, Fundi. Weka mstari unapoona panafaa, ulimi wote tuuone."

Penseli ilikuwa ya moto kwa joto la sikio lake. Fundi aliishika juu ya mguu, akaona jinsi mambo yalivyokuwa mepesi. Vidole viwili chini ya kizibo, akikata mshazari, ungeonekana ulimi safi na kabari yake, na ukingo wa tundu usio na doa. Chuma kingebaki kimelala ndani ya kipande cha upande wa pili, na kipande hicho angekichukua jioni kwenda nacho nyumbani kama kuni. Mchoraji angetazama, angetikisa kichwa, angesaini. Mama Mpira asingesema. Yule bibi mkono wake ungeunga. Na yeye angeendelea kuwa Bwana Bila mpaka siku ya kufa.

Akachora mstari. Vidole viwili chini.

Akachukua msumeno. Mvuto wa kwanza ulikwaruza tu, wa pili ukashika, na unga mweupe ukaanza kudondoka mezani. Mchoraji aliukumbatia mguu kwa mikono yote miwili ili usitetemeke, kichwa chake karibu kabisa na mkono wa Fundi.

"Nisamehe, Fundi," alisema taratibu. "Kazi nzuri hivi, halafu nakuambia uikate. Najua inakuuma."

Msumeno ulisimama. Fundi alitaka uendelee. Mkono ndio uliokataa. Alibaki ameinama hivyo hivyo, meno ya msumeno yakiwa kwenye mbao, akajisemea moyoni: Amempigia magoti bibi. Sasa ananipigia na mimi.

Aliuchomoa msumeno akaulaza mezani. Alichukua patasi, akaisimamisha vidole viwili juu ya mstari alioutia, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuonekana, akaigonga mara moja kwa kiganja. Kizibo kiliruka kikaanguka kwenye maranda. Mbele ya macho ya Mchoraji kikatokea kichwa cha skrubu, kipya, kinang'aa kama siku kilipoingia.

Karakana ile haikuwa na bisibisi. Sharti la ukutani lilikuwa limeifukuza. Fundi alipiga magoti, akaburuta sanduku lake kutoka chini ya meza, akatoa zana zote moja moja akazipanga sakafuni, na kutoka chini kabisa akatoa bisibisi iliyofungwa kwa kitambaa. Akaanza kuzungusha. Skrubu ililia muda wote wa kutoka. Ilikuwa ndefu kuliko alivyokumbuka.

"Ilikuwemo siku ya majaribio?" Mchoraji aliuliza.

"Ilikuwemo. Mguu ulipasuka asubuhi ile."

"Na umeniacha nimechora mara kumi na moja."

"Ndiyo."

"Bibi wa watu akavunjika mkono, nikaenda kumwambia ni mimi. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Fundi alisema. "Niliona haya. Halafu nikaona haya kwa kuona haya. Sikupata pa kutokea."

Kutoka chini ya dirisha Mama Mpira alisema kwamba hata yeye alijua, na mwenye kugawa lawama asimruke. Mchoraji aligeuka akamtazama, kisha akamtazama Fundi tena. Ilikuwa wazi kwamba alitaka kutoka humo ndani, akatembee, apige kelele mahali penye upepo. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni na kiti kimojawapo kikamkwama kwenye gauni. Alihangaika nacho. Alipojinasua alisimama ameishika ile nguo, ameupa ukuta uso, na ukuta ulikuwa na maandishi yake mwenyewe.

Aliporudi mezani hakuwa amelainika. Alifungua jiriwa, akakiteremsha kiti, akakisimamisha sakafuni kwa miguu yake mitatu.

"Kaa," alimwambia Fundi.

"Hakitanibeba. Sasa hakina tofauti na hivi vingine."

"Ndiyo maana. Vingine nimeviona vikiwa vimeshavunjika. Sijawahi kuona kinavyovunjika. Kaa."

Fundi alikaa. Mchoraji alilala chini juu ya maranda, shavu sakafuni, macho kwenye kiungo cha mguu wa nyuma. Alipapasa juu ya meza bila kuangalia akitafuta karatasi, mkono ukaiangukia barua. Aliivuta, akaipindua upande usioandikwa.

"Egemea."

Fundi aliegemea. Mahali fulani chini yake mbao ilianza kusema, sauti ndogo ya kitu kinachojikaza kisitoke. Alijizuia kwa magoti. Mchoraji, bila kuinua kichwa, akamwambia asijizuie. Fundi akauachia mwili robo ya uzito wake, kisha nusu.

"Kinafunguka pembeni," alisema yule binti kutoka chini, akijisemea. "Siku zote nilikuwa naangalia chini. Kumbe pembeni. Kabari inapanua kufuata nyuzi."

"Babu alikuwa anaigeuza," Fundi alisema. "Aliiweka ikikingama nyuzi, si kuzifuata. Nilikuwa nimesahau."

"Usiongee. Unatikisa."

Penseli ilikuna karatasi. Mama Mpira alikuwa ameacha kusuka. Hodi ikapigwa mlangoni, mara moja, halafu mara mbili zaidi, na mlango ukasukumwa ukagonga viti vilivyorundikwa nyuma yake, ukakataa kufunguka zaidi ya upana wa bega. Sauti ya mjumbe ikasema ni saa kumi, amefuata barua.

Fundi akafanya kama anainuka.

"Nani amekuambia uinuke?" Mchoraji alisema. "Bado sijamaliza."

Akakaa tena. Skrubu ilikuwa ndani ya ngumi yake, na joto la kuzungushwa lilikuwa bado halijaitoka. Mjumbe aliita kwa mara nyingine. Chini ya Fundi ufa ulikuwa unafunguka kidogo kidogo, aliusikia hadi kwenye nyonga, na yeye alikaa wima juu yake, mikono magotini, akingoja aambiwe.